Alama 70 Zinapovuka Mpaka: Niliyojifunza Katika Kubadilishana Wanafunzi Kutoka Kampala

Hati ya makubaliano kati ya vyuo vikuu viwili ni rahisi kuandika kuliko wengi wanavyodhani. Ukishaandika ya kwanza, zinazofuata unabadilisha majina tu: vyuo vitashirikiana katika ufundishaji na utafiti, vitabadilishana wahadhiri na wanafunzi, vitaandaa makongamano ya pamoja, na hati itadumu kwa miaka mitano. Makamu wakuu wa vyuo wanatia saini, picha inapigwa mbele ya bendera, na wageni wanapelekwa Ggaba kula samaki. Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo kikuu kimoja cha hapa Kampala, na sehemu kubwa ya hati zilizopita mikononi mwangu hazikuwahi kumsafirisha mwanafunzi hata mmoja. Zile chache zilizofanya kazi zilikuwa na jambo ambalo nyingine zilikosa: kulikuwa na mwalimu wa huku aliyejua mwalimu wa kule anafundisha nini, katika kozi ipi, kwa saa ngapi, na anasahihisha kwa kipimo gani.

Faili za nchi jirani niliangukiwa nazo kwa sababu ya Kiswahili. Wazazi wangu ni watu wa Arua, lakini nilikulia Jinja, katika kambi ya jeshi alikotumikia baba, na watoto wa kambini tulikuwa tukicheza, tukigombana na kupatana kwa Kiswahili. Nilipoajiriwa, mkuu wa ofisi aliniambia kwamba kwa kuwa nazungumza na Watanzania bila mkalimani, basi Afrika Mashariki yote ni yangu. Ukweli ni kwamba hakuna mwingine aliyeitaka. Faili za Ulaya na Marekani zilikuwa na wagombea, kwa kuwa zilikuja na safari na posho za kujikimu; za Dar es Salaam, Nairobi, Kigali na Bujumbura zilikuja na barua zisizojibiwa. Nazisema hizi bila kinyongo, maana hali hiyo ndiyo iliyonipa nafasi ya kukaa na jambo moja kwa muda mrefu mpaka nikalielewa.

Walimu walionifundisha walikuwa watu wa kizazi ambacho hakikuhitaji kuelezwa maana ya kusoma kwa jirani. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja kwa nchi tatu, Mwalimu Nyerere akiwa ndiye mkuu wake, na masomo makubwa yaligawanywa: udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mganda aliyetaka kuwa wakili alifunga sanduku akaenda Dar es Salaam, na Mtanganyika aliyetaka kuwa daktari alikuja kuzunguka wodi za hospitali ya Mulago. Hata kabla ya hapo Makerere ilikuwa imeshapokea vijana wa eneo zima. Nyerere mwenyewe alisomea ualimu hapa katika miaka ya 1940, na Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa wakafuata baadaye. Upande wa pili, Yoweri Museveni alisoma Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Mpango huo ulipovunjwa mwaka 1970, kila nchi ikawa na chuo kikuu chake, na baada ya muda kila chuo kikajenga kitivo chake cha sheria, cha uhandisi na cha udaktari.

Kuna wenzangu wanaousimulia mgawanyo ule kwa huzuni, kama mali ya urithi iliyopotea. Mimi sioni hivyo. Nchi yenye mamilioni ya watu haiwezi kutegemea jirani kwa madaktari wake wote, na idadi ya nafasi zilizokuwapo wakati ule ilikuwa ndogo mno. Ila nakubali kwamba jambo moja liliondoka pamoja na mpango huo, nalo ni sababu ya kusafiri. Mwanafunzi wa 1965 alivuka mpaka kwa kuwa kozi aliyoitaka haikuwapo kwao. Wa leo anayo kozi hiyo kwao, pengine umbali wa nauli ya taksi moja. Ndiyo maana siku hizi ujumbe wa chuo fulani ukija kututembelea, baada ya chai na salamu huwa nauliza: mwanafunzi wenu atakuja kusoma kitu gani kwetu ambacho hawezi kukipata kwenu, na wetu atakifuata nini huko? Wageni wengine hukasirika kidogo. Wengine hufungua mkoba na kutoa orodha ya kozi, na hao ndio ninaobaki nao.

Swali la pili linahusu alama, na hapo ndipo nilipoona mipango mingi ikifia. Mtu wa nje ya vyuo anaweza kudhani kwamba mtihani ni mtihani na alama 70 ni alama 70. Katika vyuo vya Kenya, na vilevile katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daraja la A linaanzia alama 70. Makerere linaanzia 80, na 70 ni B. Ya kufaulia kwa kawaida ni 40 huko kwa majirani na 50 kwetu. Haina maana kwamba wao wanagawa alama ovyo au kwamba sisi ni wakali. Mwalimu wa Nairobi anayejua kwamba 70 ni A huitoa kwa nadra, na mwalimu wa Kampala anayejua kwamba A ni 80 husahihisha akiwa na kipimo hicho kichwani. Lakini chukua namba hiyo uihamishe kama ilivyo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani Nairobi anaonekana wa kawaida Kampala, na wetu aliyepata 65 Dar es Salaam, ambayo ni B+ ya heshima kule, anarudi nyumbani kuandikiwa C+.

Krediti, yaani vipimo vya uzito wa kila kozi, nazo zina mambo yake. Sisi tunahesabu saa za darasani: mhadhara wa saa 1 kila wiki kwa muhula wa wiki 15 ni uniti 1, hivyo kozi ya kawaida ina uniti 3 au 4. Tanzania wanahesabu jumla ya saa ambazo mwanafunzi anatarajiwa kulifanyia kazi somo, zikiwemo za maktaba, za semina na za kujisomea usiku. Saa 10 za namna hiyo ni krediti 1, na mwaka mzima una krediti 120. Namba zote mbili zinaweza kuwa zinaelezea kozi ileile. Lakini mezani kwa karani aliyepewa fomu na hakupewa maelezo, 3 ni 3 na 12 ni 12.

Nilikuta katika faili kisa cha msichana aliyekuja kwetu kwa muhula mmoja kutoka chuo kimoja cha nchi jirani, kabla sijakabidhiwa kazi hii. Alisoma kozi tano na kuzifaulu zote. Aliporudi, chuo chake kikajumlisha uniti tatu mara tano, kikapata 15, kikatazama kanuni zake zinazotaka krediti 60 kwa muhula, kikamwandikia kwamba amepungukiwa na anapaswa kurudia muhula mzima. Barua zake za malalamiko zimo kwenye faili, za mkono, kwa mwandiko safi, kila moja ikiwa na heshima kidogo kuliko iliyotangulia. Katika majibu aliyopewa hakuna palipoonyesha kwamba mtu yeyote, kule au huku, alikuwa amefungua muhtasari wa kozi alizosoma. Mwishowe alirudia muhula.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya, tulipoanza mazungumzo na chuo kingine cha Tanzania, niombe kwamba kabla ya makamu wakuu kukutana, tukutane sisi wadogo. Wakaja wawili, mhadhiri wa kilimo na msajili msaidizi wa taaluma, mzee wa Mwanza mwenye miwani aliyoitundika shingoni kwa kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama chumba kina soketi ya umeme na meza pana. Tulitandaza mihtasari ya kozi, ya kwao upande wa kushoto na ya kwetu kulia, na tukaanza kusoma mada kwa mada: wiki ya kwanza nini, ya pili nini, saa ngapi za maabara, mtihani wa mwisho unabeba asilimia ngapi na kazi za muhula ngapi. Kozi mbili za udongo zilizokuwa na majina yanayofanana tuligundua hazifanani hata kidogo, moja ni kemia tupu na nyingine ni hifadhi ya ardhi. Nyingine mbili zenye majina yaliyo mbalimbali zilikuwa ni kitu kimoja. Jua lilipoanza kushuka nikapendekeza kwamba zilizobaki tuzimalizie kwa barua pepe. Mzee akanitazama juu ya miwani.

“Binti yangu,” akasema, “tukiliacha hili kwa barua pepe, mtoto wa watu atakuja kulia mlangoni kwangu, halafu atakuja kulia mlangoni kwako. Agiza chai.”

Nikaagiza chai na chapati, na tukamaliza. Tulichokipata ni jedwali la kurasa chache tulilolifanya kiambatisho cha hati, likionyesha kila kozi ya kwao na mwenzake wa kwetu, saa zake, na namna ya kubadilisha matokeo. Tulikubaliana kuhamisha daraja na kuiacha namba: A ya kwao ni A ya kwetu, B+ ni B+, na wastani unahesabiwa na chuo cha nyumbani kwa kanuni zake. Mwanafunzi anapewa nakala yake ya jedwali kabla ya kupanda basi, ikiwa na saini ya mkuu wa idara yake, ili akirudi pasiwe na mtu wa kumwambia kwamba hajui kozi hii ni ipi.

Jedwali hilo halikupita kwenye seneti yetu kwa ulaini. Profesa mmoja wa hesabu alisimama akasema kwamba tunawazawadia wanafunzi wetu A kwa alama 72, na hoja yake haikuwa ya kijinga, kwa kuwa mwanafunzi mjanja angeweza kuchagua kwenda kusoma kozi ngumu mahali ambapo daraja ni rahisi. Jibu lililomtuliza lilitoka kwa mwenzake wa kilimo, ambaye alileta karatasi za majibu za wanafunzi wa pande zote mbili, majina yakiwa yamefichwa, zikiwa zimesahihishwa na walimu wa vyuo vyote viwili kila mmoja kwa kipimo chake. Karatasi walizoziweka daraja la juu zilikuwa, kwa sehemu kubwa, zilezile.

Hapa ni haki niseme kwamba ngazi za juu nazo zimefanya kazi yao. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake makuu hapahapa Kampala, na mfumo wa pamoja wa kulinganisha sifa za elimu ya juu ulipitishwa mwaka 2015. Mwezi Mei 2017, wakuu wa nchi wakiwa Dar es Salaam, walilitangaza eneo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Kwa bara zima kuna mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 2014 kuhusu kutambuana vyeti na masomo, ulioanza kutumika Desemba 2019. Nimewahi kuzisoma hati hizo kwa sauti mbele ya kamati, na zinasaidia, kwa sababu zinaondoa lile swali la kama inaruhusiwa. Baada ya hapo mjumbe mmoja huuliza kama kozi ya takwimu ya kule ina maabara ya kompyuta, na hakuna mkataba wa wakuu wa nchi unaojibu hilo.

Makaratasi ya mipakani na masijala yana vituko vyake, na sitakaa nayo sana. Wakenya na Wanyarwanda wamekuwa wakiingia Uganda kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014, ilhali Watanzania wanahitaji hati ya kusafiria, na wote wanapaswa kukumbuka ile kadi ya njano ya chanjo. Karani mmoja wa udahili aliwahi kumtaka kijana wa Eldoret alete cheti cha kidato cha sita, cheti ambacho nchi yake iliacha kukitoa kabla kijana huyo hajazaliwa. Hosteli za Kikoni zinataka kodi ya muhula mzima mkononi, na posho ya mwanafunzi wa kubadilishana hufika, ikifika, baada ya wiki kadhaa. Tulijifunza kumwomba mwenye hosteli barua ya subira, na kumwambia mgeni ajizoeze mapema kula posho, kama tunavyouita ugali huku, na maharage.

Kalenda ilitusumbua kuliko mipaka. Mwaka wetu wa masomo unaanza Agosti, na majirani zetu wa kusini huanza Oktoba au Novemba. Anayetoka kwao kuja kwetu muhula wa kwanza anapaswa kufika kabla hajapata matokeo ya mwaka uliopita, na wetu akienda kule anarudi muhula wa pili ukiwa umeshashika kasi. Tulijaribu kuibana kalenda na haikubaniki. Kilichofanya kazi ni kuacha kung’ang’ania muhula mzima na kutumia likizo ndefu ya katikati ya mwaka, wakati wanafunzi wanapokwenda mafunzo kwa vitendo. Hapo ndipo migomba ilipoingia.

Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na haikuchukua miaka mingi ukawa umevuka hadi Kagera. Watu wa pande hizo mbili wanakula ndizi ileile, wanabadilishana machipukizi bila kujali mpaka, na ugonjwa uliwafuata kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo mhadhiri wetu wa magonjwa ya mimea na mwenzake wa Tanzania hawakuhitaji kutafuta mada ya kushirikiana. Walikuwa wakiulizwa swali moja na wakulima wa pande zote mbili za mpaka wa Mutukula. Waliandika kozi moja ya mafunzo kwa vitendo, yenye muhtasari mmoja na karatasi moja ya kutathmini, ambayo kila chuo kiliipitisha kama kozi yake. Wanafunzi wa kwao huja shamba la chuo kikuu la Kabanyolo na vijiji vya jirani, na wa kwetu huenda Bukoba, ambako kuna kituo cha utafiti cha Maruku.

Nilifuatana nao siku moja, kwa kuwa nilitaka kuona ninachokiandikia barua. Mkulima, mama wa makamo, alimkatia mwanafunzi kipande cha shina la mgomba ulionyauka, na baada ya dakika chache matone ya utomvu wa rangi ya njano iliyopauka yakaanza kuchomoza mahali palipokatwa. Kisha akamwonyesha namna ya kuvunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, bila kuligusa kwa panga, ili wadudu wanaofuata utomvu wa ua wasilete ugonjwa, na panga lenyewe akalipitisha motoni kabla ya kwenda mgomba mwingine. Mwanafunzi huyo alikuwa msichana wa Muleba. Mama alikuwa akieleza kwa Kiganda, na wenzake kutoka Morogoro na Iringa walisubiri kutafsiriwa, lakini yeye Mhaya alikuwa ameshaanza kuandika. Aliuliza kwa Kihaya chake kama mgomba uliopona unaweza kutoa chipukizi lenye ugonjwa, mama akamwelewa, wakabishana kidogo kwa raha, kila mmoja kwa lugha yake. Ripoti aliyoiandika ilisahihishwa na walimu wawili, mmoja wa kila upande, na alama yake ikaingia kwenye matokeo yake bila barua hata moja kupita ofisini kwangu.

Kwa upande wetu, wanaokwenda kwa wingi ni wanafunzi wa ualimu wa Kiswahili. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kilichopungua ni walimu. Kijana wa Masaka au wa Soroti anaweza kumaliza shahada akiwa anajua ngeli zote na historia ya ushairi, na bado akashindwa kununua samaki. Tunawapeleka Zanzibar na Dar es Salaam wakakae na watu. Wanaporudi, naona tofauti katika mambo madogo: wanajua kutania, kukataa kwa upole, kutoa pole kabla ya kuuliza swali, na kumwamkia mtu mzima bila kusitasita. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba wiki zake za kwanza alikuwa akizungumza kama taarifa ya habari, mpaka muuza urojo wa Darajani alipomwuliza kama amekuja kununua au kuhutubia.

Tatizo la mpango huo liko wazi: hakuna Mzanzibari atakayekuja Kampala kujifunza Kiswahili. Katika kubadilishana wanafunzi, kila mmoja huendelea kulipa ada kwenye chuo chake, na chuo kinachopokea hakitozi kitu, hivyo upande mmoja ukipeleka wengi na kupokea wachache, mwingine unabeba gharama. Mhasibu wa chuo mwenzetu alilalamika, na alikuwa na haki. Tulipata njia tulipokubali kwamba hesabu isifanywe ndani ya somo moja. Wao wanapokea wanafunzi wetu wa Kiswahili, nasi tunapokea wa kwao wa afya ya jamii na kilimo. Mwisho wa mwaka zinalinganishwa nafasi za muhula, na si majina ya vitivo. Nchi ambayo imekabili Ebola na Marburg mara kwa mara ina mengi ya kumwonyesha mwanafunzi wa afya ya jamii, hata kama ni mambo ambayo tungefurahi kutokuwa nayo.

Mwaka 2020 mipango hii ilipimwa kwa namna ambayo hakuna hati iliyoitaja. Vyuo vyetu vilifungwa mwezi Machi, mipaka ikafuata. Tanzania ilifungua vyuo vyake Juni 1, wakati huku kwetu wanafunzi wa mwaka wa mwisho walisubiri mpaka Oktoba na wengine zaidi. Waganda waliokuwa Dar es Salaam waliendelea na mihadhara. Watanzania waliokuwa Kampala walikaa hosteli wakiangalia picha za wenzao darasani. Barua rasmi nilizoandika wakati huo kwa ofisi za pande zote zilijibiwa kwa kuchelewa au hazikujibiwa. Pale ambapo walimu walikuwa wamefahamiana, simu moja ilitosha: mwalimu wa Kampala alimtumia mwenzake kwa WhatsApp kazi ambazo mwanafunzi alikuwa ameshafanya, huyu akamwekea zilizobaki, na kozi ikakamilika kwa mikono miwili. Katika hati ambazo ziliunganisha makamu wakuu peke yao, wanafunzi walipoteza muhula.

Sasa kazi yangu kubwa inaelekea magharibi. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, Burundi imekuwamo tangu 2007, na wanafunzi wa Bukavu na Bujumbura wanauliza nafasi. Kwao alama ni kati ya 20. Kufaulu ni 10, na 14 ni matokeo ya kujivunia ambayo mwalimu hayatoi kirahisi. Ukiigeuza 14 kwa hesabu ya kawaida inakuwa 70, na tayari msomaji anajua 70 hufanywa nini Kampala. Krediti zao ni 60 kwa mwaka, mfumo wa tatu tofauti na mifumo yetu miwili. Mihadhara na mitihani yetu ni kwa Kiingereza, wao wamesoma kwa Kifaransa, lakini wengi wao wamekuja na Kiswahili chao cha nyumbani, kwa hiyo wiki ya kuwakaribisha wageni naiendesha kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho: benki, hosteli, zahanati, kanuni za mitihani, uhamiaji. Wenzangu wa ofisini ambao walikuwa wakinitania kwa lugha ya kambini sasa huja kukaa nyuma kusikiliza.

Faili ya chuo kimoja cha Bukavu iko mezani kwangu wakati huu. Kozi za afya ya jamii tumeshazilinganisha, zikiwemo takwimu, ambapo mwalimu wetu alisoma muhtasari wa Kifaransa akiwa amekaa na mwanafunzi wa Bujumbura wa kumfafanulia. Imebaki kozi ya mikrobiolojia, kwa kuwa muhtasari wao unataja saa za maabara bila kusema kama ni za kufanya au za kutazama. Juzi makamu mkuu wa chuo aliniuliza aweke lini tarehe ya kutia saini. Nilimjibu kwamba naomba asubiri mpaka mwalimu wa Bukavu ajibu swali hilo la maabara, na kwamba nimempigia tena asubuhi hiyo.